Kifaru cha Kwenye Simu na Tope la Lukaya

   Vijana wa Madibira, Rujewa na kule juu Mafinga, najua wengine wenu ndio kwanza mmetoka majarubani, miguu haijakauka tope, na simu iko kwenye chaji. Mazungumzo ya leo ni yenu hasa, na ni ya wazee pia, ingawa mzee anaweza kusikia mada akadhani haimhusu. Nataka tuzungumze juu ya vifaru vya zamani, vile vilivyopigana kweli, ambavyo siku hizi kijana anaviendesha kwa vidole gumba kwenye kioo cha simu, au kwa padi katika banda la gemu.

Mzazi anayesubiri nimgombeze mwanawe kwa niaba yake, leo hatapata hilo. Siku nyingine tutazungumza juu ya muda na bando. Leo nasema jambo jingine: katika gemu hizo kuna kitu chetu, kimelala humo bila jina letu, na vijana wetu wanakigusa kila jioni pasipo kuambiwa.

Chukua gemu ya World of Tanks, iliyotoka mwaka 2010. Kwenye kompyuta vifaru 15 vinapambana na vifaru 15, na pambano halizidi dakika 15. Toleo lake la simu ni saba kwa saba, dakika saba. Ndani yake kuna kifaru cha Kichina kinachoitwa Type 59, na wachezaji wa zamani wanakitamani kwelikweli, maana kilipouzwa mwanzoni kilionekana kikali mno kikaondolewa dukani. Ukienda War Thunder utakikuta tena. Kijana anajua mzinga wake ni wa milimita 100, uzito wake tani 36, injini yake nguvu farasi 520, na ndani wanakaa watu wanne. Ukimuuliza kimetoka wapi, atasema China. Hajakosea. Wachina walikitengeneza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kufuata T-54 ya Warusi.

Ila kijana huyo hajaambiwa kwamba Type 59 ilikuwa mali ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Katika miaka ya 1970, miaka ileile ambayo reli ya TAZARA ilikuwa inapita hapa Rujewa kuelekea Mbeya na Zambia, jeshi letu lilikuwa na vifaru hivyo, pamoja na mdogo wake, Type 62. Ndivyo tulivyokuwa navyo Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Chuma anachokinunua kijana kwa alama za gemu ni chuma kilichobeba watani, wajomba na baba zetu wadogo kuvuka mpaka wa Mutukula.

Upande wa pili nao umo humohumo. Uganda ilikuwa na T-55, ndugu wa damu wa Type 59, na ilikuwa na Sherman za Kimarekani zilizopitia Israel. Sherman! Katika gemu kifaru hicho utakikuta Normandy kikikimbizana na Tiger na Panther za Wajerumani. Kilibuniwa kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia, kikazeeka, kikauzwa, kikauzwa tena, na mwisho wake kikajikuta katika jeshi la Amin karibu na Ziwa Viktoria, miaka 30 na zaidi baada ya vita ambavyo kilitengenezewa. Libya ilipokuja kumsaidia Amin ilileta T-55 zake. Kwa hiyo vita yetu yote, upande wa chuma, iko kwenye gemu. Imetawanywa tu. Type 59 imewekwa China, T-55 imewekwa Urusi, Sherman imewekwa Marekani, na Kagera haionekani popote kwenye ramani.

Sasa niwape gemu haki yake. Kuna mambo inayafundisha vizuri kuliko kitabu. Kwenye War Thunder risasi ikipenya chuma haikupunguzii tu mstari wa uhai. Inakuonyesha vipande vilivyoruka ndani: dereva amepigwa, mpakiaji bado yuko, mlenga shabaha ameanguka, tangi la dizeli linawaka. Kijana anaelewa kwamba kifaru ni chumba chenye watu, na kwamba kila mmoja ana kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya akiwa mahali pake.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mimi nalipenda sana. Vifaru vya ukoo wa T-54 vilijengwa vifupi ili adui asivione kwa urahisi. Kichwa cha kifaru, ile sehemu ya juu inayozunguka, kina paa la chini. Paa likiwa chini, kitako cha mzinga hakina nafasi ya kuinuka ndani, na kitako kisipoinuka mdomo hauwezi kuinama. Mwisho wake ni nyuzi tano tu chini ya usawa. Kifaru cha Kimarekani kinaweza kujificha nyuma ya mgongo wa kilima kikachungulia na kupiga bondeni. Type 59 na T-55 ili zipige bondeni zinapaswa zipande zaidi, zijitokeze, zionekane. Kijana anayecheza anajua hili kwa vidole vyake. Amekufa mara nyingi juu ya kilima kwa sababu hiyo. Basi mwambie kijana huyo kwamba kutoka Mutukula kwenda Masaka na Mbarara, nchini Uganda, kuna vilima juu ya vilima, na uone atakavyonyamaza na kuanza kufikiri. Ameshapata swali la kumuuliza mzee aliyekuwako, swali ambalo hata mwalimu wa historia hangelifikiria: mlipofika kileleni, mlifanyaje?

Kwa hiyo siyo kwamba gemu inadanganya juu ya chuma. Chuma kiko sawa, unene wake uko sawa, kasi yake iko karibu sawa. Tatizo langu liko chini ya minyororo.

Ninyi mnaonisikiliza kutoka kwenye skimu ya Madibira mnajua tope ni nini kuliko mtu yeyote anayetengeneza gemu. Hapa kuna karibu hekta 3,000 za majaruba yanayokunywa maji ya mto Ndembera. Mmeona kombaini za minyororo ya mpira zikiingia kuvuna pale ambapo trekta la matairi lingezama hadi ekseli. Minyororo inagawa uzito. Kifaru cha tani 36 kinaikandamiza ardhi kwa takriban kilo 0.8 kwa kila sentimita ya mraba, wakati tairi la lori lililojaa magunia ya mpunga linakandamiza mara kadhaa zaidi ya hapo. Ndiyo maana kifaru kinapita mahali lori limekwama. Na bado mmeona kombaini nayo ikizama. Mmeona dereva akishuka, akiangalia, akirudi kitini, akikanyaga mafuta, na mashine inazidi kujichimbia. Mmekaa nayo siku nzima, na kamba, na mbao, na pawatila mbili zinavuta mbele.

Wachina walilijua hili. Type 62, yule mdogo niliyemtaja, alibuniwa kwa ajili ya kusini mwa China, nchi ya vilima, mito na majaruba ya mpunga. Walimpunguza uzito hadi tani 21, wakampa mzinga wa milimita 85, na wakakubali kwamba chuma chake kitakuwa chembamba. Katika gemu wachezaji wanamlalamikia: mwepesi kufa, hana ngozi. Ni kweli. Lakini gemu inampa adhabu ya wembamba bila kumpa faida yake, kwa sababu humo hakuna daraja linalovunjika chini ya tani 36 na kuhimili tani 21. Ramani nyingi zina ardhi inayopitika karibu kila mahali. Tope la gemu linakupunguzia mwendo kidogo, basi. Mtu wa Madibira ana haki ya kulikataa tope hilo.

Ngoja niwapeleke Lukaya, maana hapo ndipo ninapoona wazi tofauti ya ardhi ya gemu na ardhi ya kweli.

Kwanza mto Kagera. Amin alipochukua eneo la kaskazini ya mto, watu wake walililipua daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba 1978. Fikiria uko na kifaru cha tani 36 ukingoni, na ng'ambo ndiko nchi yako ilikotekwa. Kifaru hakiogelei. Wahandisi wa JWTZ walivusha jeshi kwa madaraja ya muda, likiwamo la Bailey, lile la vipande vya chuma vinavyobebwa na mikono ya watu na kuunganishwa kwa pini, na kazi kubwa ilifanyika gizani. Mwingereza Donald Bailey alilibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya hali kama hiyo. Kila Type 59 iliyokwenda kupiga risasi Uganda ilipita kwanza juu ya kazi ya mtu aliyeshika spana usiku. Katika gemu mhandisi huyo hana nafasi. Hapati alama.

Masaka ilianguka Februari 24, 1979, na Mbarara siku iliyofuata. Mbele yetu ikabaki barabara ya Kampala, na juu yake mji mdogo wa Lukaya. Hapo pana kinamasi cha mafunjo, kipana, na barabara inapita juu ya tuta katikati ya maji. Wazee wanaoijua ardhi oevu ya Ihefu ya miaka ya nyuma, kabla haijapungua, wataona picha haraka: kijani kibichi kinachoonekana kama uwanja, ukikanyaga huna chini. Kifaru hakina la kufanya hapo. Kina tuta tu, upana wa barabara, kimoja nyuma ya kingine.

Machi 10, brigedi yetu ya 201, chini ya Imran Kombe, ilikuwa imeshika Lukaya. Ilikuwa na vifaru vitatu tu, na wengi wa askari wake walikuwa wapya. Walibya wakaja kutoka upande wa Kampala wakiwa na T-55 kumi na tano, magari ya deraya na roketi za Katyusha. Roketi ziliruka zikapita juu ya vichwa vya watu wetu zikaanguka mbali, lakini ngurumo yake peke yake ilitosha. Sehemu ya brigedi ilivunjika, watu wakarudi nyuma. Kijana anayecheza gemu, hesabu hapo: vitatu dhidi ya kumi na tano. Katika gemu ungebonyeza kitufe utoke, uingie pambano jingine.

David Musuguri, aliyekuwa akiongoza divisheni, hakutoka. Aliiagiza brigedi ya 208 ya Mwita Marwa izunguke mbali, ikwepe kinamasi, itokee kwenye barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya Machi 11 ya 208 ilikuwa nyuma, ya 201 imejipanga upya mbele, na zile T-55 zilikuwa katikati, bila mahali pa kugeukia. Vifaru bora kuliko vyetu, vingi kuliko vyetu, vikafungwa na maji na mafunjo pande zote mbili. Maiti za Walibya na Waganda zilihesabiwa kwa mamia. Vita ya kumwondoa Amin iliamuliwa hapo kwa kiasi kikubwa, na mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilikuwa imeanguka.

Nirudie, kwa sababu hili ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti: kilichoshinda Lukaya hakikuwa unene wa chuma. Ni mtu aliyeijua ardhi, na miguu ya askari walioikanyaga usiku kucha. Gemu inayokuonyesha T-55 kwa usahihi wa milimita, halafu ikaiweka juu ya uwanja mkavu, imekuonyesha nusu ya T-55.

Halafu kuna dizeli. T-55 inakunywa karibu lita mbili kwa kilomita moja. Ukisema hivyo haraka haisikiki kubwa. Lakini kutoka Dar es Salaam mpaka Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,400, na barabara za mwaka 1978 hamkuziona, ninyi mliozaliwa juzi. Kifaru hakiendeshwi mwendo huo kwa minyororo yake, kitafika kimechakaa. Kinapandishwa reli, kinapandishwa meli ya ziwani, kinabebwa. Na kila kifaru kimoja kinachofika kinadai nyuma yake lori la mafuta, lori la risasi, lori la vipuri, lori la unga na maharage. Jeshi likakua hadi kupita watu 100,000, pamoja na mgambo waliotoka vijijini, na watu hao wote wanakula. Malori ya raia na ya mashirika ya umma yakachukuliwa. Wananchi wakatoa ng'ombe, wakatoa mahindi. Nchi nzima iligeuka kuwa mkia wa vifaru vile.

Lori halina mashabiki. Katika gemu, likionekana kabisa, ni kitu cha kulipuliwa barabarani upate alama. Mimi nasema dereva wa lori la mafuta aliyepita Biharamulo usiku, taa zimezimwa, ndiye aliyeiendesha Type 59 kuliko yule aliyekaa ndani yake. Kifaru kisicho na dizeli ni kibanda cha chuma chenye joto.

Na joto hilo nalo tuliseme. Ndani ya T-54 na ndugu zake nafasi ni ndogo hivi kwamba mtu mrefu hapati amani. Mpakiaji anainua risasi moja yenye uzito wa kilo 30 hivi, kifaru kinaruka juu ya mashimo, kichwa kinazunguka, moshi wa baruti umejaa, na anatakiwa aisukume ndani ya mzinga bila kukatwa kidole. Halafu nyingine. Halafu nyingine. Kwenye simu yako kazi ya huyu bwana ni duara dogo linalojaa rangi kwa sekunde nane. Ukiliona duara hilo leo usiku, kumbuka kuna mikono ndani yake. Gunia la mpunga ni kilo ngapi? Mnajua wenyewe. Hesabuni theluthi yake, kwa mikono, mkiwa mmekaa nusu, gizani.

Wengine hawakurudi. Makaburi yao yako Kaboya, wilayani Muleba, safu kwa safu, na kila Julai 25 taifa linawakumbuka mashujaa wake. Katika gemu ukiungua unarudi ukumbini kabla simu haijapoa. Mzee aliyezika rafiki yake akikataa hata kusikia maneno haya ya gemu, mimi namwelewa kabisa, na sitamshawishi. Vita haikuwa mchezo. Ninachomwomba ni kwamba mjukuu akija na swali la kitoto juu ya mzinga, asimfukuze. Mtoto ameingia kwa mlango mbaya, lakini nyumba aliyoingia ni ya babu yake.

Kuna vita nyingine iliyopita hapa kwetu, ya zamani zaidi, nayo gemu imeiruka. Mwaka 2016 ilitoka Battlefield 1, juu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ina Ufaransa, ina milima ya Italia, ina jangwa la Sinai, magari ya deraya yanakimbia mchangani yanapendeza. Afrika Mashariki haikuguswa, ingawa mapigano yalidumu huku tangu 1914 hadi Novemba 1918. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilipanda kutoka Nyasaland mwaka 1916, likapigana Malangali mwezi Julai, pale Mufindi, si mbali na sisi, na mwisho wa Agosti likaingia Iringa.

Unataka gari la kihistoria? Meli ya Kijerumani Königsberg iliishia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake yote kumi, ya milimita 105, wakaipeleka karakana ya reli Dar es Salaam ikatengenezewa magurudumu, ikawa mizinga ya nchi kavu. Mzinga wa meli, uliokusudiwa kukaa juu ya sitaha, ukawa unavutwa porini. Na nani? Ndorobo waliua farasi na maksai. Magari mepesi ya Ford waliyotumia Waingereza yalizama kila mvua iliponyesha. Injini ya vita ile ilikuwa mpagazi. Inatajwa kwamba upande wa Waingereza na washirika wao peke yake uliandikisha karibu watu milioni moja, na makadirio ya waliokufa yanapita 90,000, wengi kwa njaa na maradhi, si kwa risasi. Ukienda Mombasa, Fort Jesus, mzinga mmoja wa Königsberg upo, unaweza kuugusa. Aliyeuvuta hana hata jina ubaoni.

Basi mtengeneza gemu ataniambia, mpagazi hachezeki. Hapo mimi nakataa. Kuna watu wengi duniani wanaocheza gemu za kilimo na za kuendesha malori kwenye matope, saa kwa saa, kwa furaha, bila risasi hata moja. Kupanga nani abebe nini, chakula kitatosha siku ngapi, mto utavukwa wapi, ni mchezo wa akili kuliko kulenga na kufyatua.

Afrika haikosekani kabisa kwenye gemu, na hili linahitaji tusimame kidogo. Mwaka 2021 War Thunder ilileta magari ya Afrika Kusini. Yakaja na Eland, gari dogo la magurudumu manne lenye mzinga wa milimita 90, na Ratel, la magurudumu sita. Vijana wameyapenda kwa kasi yake. Hayo yalikuwa magari ya jeshi la makaburu. Yaliingia Namibia, yaliingia Angola, na Eland ilikuwamo pia katika jeshi la Ian Smith huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Gemu inakupa uzito, kasi na mzinga. Nani alikuwa mbele ya mzinga ule, haisemi.

Walikuwa wageni wetu. Mgagao, kule Kilolo, mkoa jirani wa Iringa, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Vijana wa umri wenu walifundishwa hapo, kwenye baridi yetu, wakala ugali wetu, halafu wakaenda kusini kukabiliana na jeshi lenye Eland, wao wakiwa na bunduki begani na roketi ya kubebwa kwa mkono. Kijana wa Madibira anayeendesha Eland usiku kwenye kompyuta yuko umbali wa safari ya basi tu kutoka mahali walipoandaliwa watu wa kuizuia. Simwambii asiiendeshe. Aiendeshe, alione dirisha lake dogo lilivyo, ajue udhaifu wake uko ubavuni na nyuma, kisha ajiulize mtu aliyelala kwenye majani akiisubiri na roketi moja alikuwa anaangalia nini.

Nimefikia pale ninapotaka kufika. Vijana wanaojua kompyuta tunao. Wengine wametoka hapahapa wakaenda kusoma Mbeya na Dar es Salaam. Gemu kadhaa zinamruhusu mchezaji kuchora ramani yake mwenyewe, na zana za kutengenezea gemu nzima zinapatikana bila kulipia chochote kuanza. Chuma kimeshachorwa na wengine, tena vizuri. Kilichobaki ni ardhi, na ardhi ni yetu. Choreni Lukaya yenye tuta moja na mafunjo yasiyokanyagika. Choreni Kyaka isiyo na daraja, mchezaji apewe vipande vya Bailey na masaa ya giza, na alfajiri ikimkuta hajamaliza, ajue imemkuta. Wekeni lori la dizeli, likikwama vifaru vyote visimame. Wekeni Type 62 mahali ambapo wembamba wake una maana. Mvua ya Machi inyeshe.

Na ili mchore sawasawa mnahitaji watu ambao wamebaki wachache. Aliyekwenda Kagera akiwa na miaka 20 sasa amepita 60. Wapo katika vijiji vyetu. Wengine wanaonisikiliza sasa hivi, wamekaa nje, redio iko juu ya kigoda.

Baba, babu, kama uliendesha lori, au ulikuwa mgambo, au ulishika spana pale Kagera, nakuomba. Huhitaji kusimulia uliloliona likakuumiza. Hilo ni lako. Tueleze ardhi ilikuwaje. Lori lilikwama wapi, mlilitoaje. Daraja lilitikisika vipi kifaru kilipopanda. Mlipofika kileleni na mzinga hauinami, dereva alifanya nini. Mama, bibi, na wewe uliyekusanya mahindi kijijini ukayaona yakipakiwa, tuambie yalipakiwa kwenye gari la namna gani na lilielekea njia ipi. Njooni hapa kituoni siku ya mnada, au mtumeni mjukuu na simu yake aje arekodi. Nitakuwapo kuanzia asubuhi.